Zana za kupangilia hati za RFC

Zana za kupangilia hati za RFC ni programu zinazotumika kuandaa mfululizo wa hati zinazoeleza itifaki za intaneti. Mfululizo huo, ambao jina lake lina maana ya "maombi ya maoni", ulianza tarehe 7 Aprili 1969, Steve Crocker, wakati huo mwanafunzi wa UCLA nchini Marekani, alipotoa hati ya kwanza. Hati za mwanzo zilipigwa taipu na kutumwa kwa posta, maana mtandao wa ARPANET wenyewe ulikuwa haujaanza kazi.

Kompyuta zilikuwa zimekwisha kujifunza kupanga kurasa. Mwaka 1964 Jerome Saltzer wa MIT aliandika RUNOFF, programu iliyosoma amri fupi zinazoanza na nukta na kwa kuzifuata ikapanga aya, pambizo na namba za kurasa. Kutokana nayo ilitokea roff, kisha nroff ya Joe Ossanna wa Maabara za Bell. Jon Postel, mhariri wa RFC hadi alipofariki mwaka 1998, na wenzake waliitegemea nroff kwa miaka mingi. Ilitoa maandishi matupu: herufi za ASCII pekee (seti ya msingi ya herufi za Kiingereza), mistari isiyozidi herufi 72, kurasa zisizozidi mistari 58, na michoro iliyoundwa kwa vistari na alama za kujumlisha. Msimamo huo ulilaumiwa kuwa wa kizamani, lakini ulikuwa wa busara kubwa, kwani maandishi ya namna hiyo husomeka kwenye kompyuta yoyote bila programu maalumu. Gharama yake ililipwa na waandishi ambao majina yao hayaandikiki kwa ASCII. Iliwabidi wayabadilishe ili yachapishwe.

Udhaifu wa nroff ulikuwa mahali pengine. Amri zake husema ruka mstari au sogeza aya ndani. Hazisemi kwamba maneno haya ni kichwa cha sehemu na yale ni marejeo. Mnamo Juni 1999 Marshall Rose alipendekeza katika RFC 2629 kwamba hati ziandikwe kwa XML, lugha ya alama iliyoidhinishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, mwaka uliotangulia. Programu yake, xml2rfc, iliandikwa kwa Tcl na baadaye ikaandikwa upya kwa Python. Mwandishi hutaja kila kipande ni nini. Namba za sehemu, yaliyomo, marejeo na matamko ya kisheria hushughulikiwa na programu. Hata hivyo, kwa miaka mingi wahariri waliendelea kuipitisha hati kwenye nroff kabla ya kuichapisha.

Mageuzi makubwa yalitangazwa Desemba 2016 katika RFC 7990 na hati zilizoifuata, yakaanza kutumika kikamilifu mwaka 2019. Sasa faili ya XML ndiyo hati rasmi, na kutoka humo hutolewa HTML, PDF na maandishi matupu. Michoro ya SVG inaruhusiwa, na majina ya waandishi huchapishwa kwa herufi zake halisi. Maandishi matupu hayakatwi tena katika kurasa, hivyo anayenukuu hutaja namba ya sehemu. Waandishi wengi hawaigusi XML moja kwa moja: huandika kwa Markdown, kisha kramdown-rfc ya Carsten Bormann huigeuza.