Nadharia na Kunadharia: Kutoka Basra Hadi Mwambao Wetu

Neno nadharia tumelipata kwa Waarabu, na mzizi wake ni nadhar, yaani kutazama. (Msomaji asilichanganye na nadhiri, ile ahadi mja anayojifunga nayo mbele ya Mola wake, hiyo ina mzizi mwengine kabisa, ijapokuwa kwa hati za Kilatini yanaonekana kama ndugu wa tumbo moja.) Wayunani wa kale nao walikuwa na neno theoria, na theoros kwao alikuwa mjumbe aliyetumwa na mji wake kwenda kushuhudia sikukuu za mji mwengine, kisha akarejea kuwahadithia wenziwe aliyoyaona. Kwa lugha zote mbili, basi, jambo lilianza kwa jicho na kwa safari. Siku hizi tunaposema nadharia huwa tunakusudia kile alichorudi nacho mjumbe, yale maneno yaliyokwisha kupangwa. Safari yenyewe, tendo la kunadharia, tumeliacha njiani. Katika ushairi wetu upungufu huo umezaa ugomvi mkubwa.

Mfano ulio wazi kupita yote ni wa al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, mtu wa kabila la Azd la Oman, aliyesomesha Basra katika karne ya 8. Washairi wa Kiarabu walikwisha kutunga kwa karne mbili na zaidi kabla yake, na hakuna aliyekuwa na kitabu cha kanuni. Husimuliwa kwamba al-Khalil alipita katika soko la mafundi wa shaba, akasikia nyundo zinavyopishana, na hapo ndipo alipofahamu kuwa beti nazo zina mapigo yanayoweza kupimwa. Iwe kweli au iwe ngano ya wanafunzi, kisa hicho kinatuonesha mtu anayesikiliza kabla ya kusema. Alizipanga tungo alizozisikia katika bahari 15, na bahari hizo akazitia ndani ya duara 5. Baadaye al-Akhfash akaongeza bahari ya 16.

Lakini angalia lililotokea. Duara zile, kwa kuzungushwa tu, zilizaa pia bahari ambazo hakuna Mwarabu aliyepata kuzitungia. Wataalamu wakaziita muhmal, zilizoachwa. Hapo nadharia ilikwisha kutoka mkononi mwa mwenye kuitunga, ikaanza kuzaa peke yake. Abu al-Atahiya, mshairi wa zama zilizofuatia, anasimuliwa kuwa alipoambiwa ametoka nje ya arudhi alijibu kuwa yeye ni mkubwa kuliko hiyo arudhi. Wengi huona jibu hilo ni kiburi. Mimi naliona ni la haki, maana arudhi yenyewe ilitokana na masikio ya mtu mmoja aliyewasikiliza washairi.

Neno bahari, kwa maana ya mtindo wa utungo, lilivuka likafika kwetu. Elimu iliyolizaa haikuvuka nalo. Arudhi ya al-Khalil imesimama juu ya tofauti ya irabu fupi na ndefu: kataba ni aliandika, na kaataba, kwa kuvuta irabu ya kwanza, ni aliandikiana na mwenziwe. Kiswahili hakipimiki kwa kipimo hicho. Kwetu "kaa" ni mizani mbili, na hata m ya "mtu", isiyo na irabu yoyote, huhesabiwa mizani yake. Kwa hiyo palikuwa na watu, ambao majina yao hatunayo, waliopokea jina la bahari kutoka kwa Waarabu kisha wakaisikiliza lugha yao wenyewe, wakaona kuwa yafaa kuhesabu silabi. Hao walinadharia. Hawakuandika risala, lakini waliacha istilahi: kina, mizani, kituo, ukwapi, utao. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alilumbana na kujibizana kwa mashairi ya mizani 16 bila ya kitabu cha kanuni mkononi. Na diwani yake yenyewe haikuchapishwa mpaka mwaka 1940.

Kitabu kilikuja mwaka 1954, Sheikh Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, alipotoa Sheria za Kutunga Mashairi. Ni kazi ya kuheshimiwa. Alikuwa mshairi mwenyewe, aliyezisikiliza tungo za waliomtangulia ndipo akazipambanua. Ila jina la kitabu lilikuwa zito. Sheria huamrisha, na mwenye kuivunja huhukumiwa. Skulini wengi wetu tulizikariri hesabu zake bila ya kufundishwa alivyozifikia.

Mashairi ya Kisasa ya Mulokozi na Kahigi yalipochapishwa mwaka 1973, na Kichomi cha Kezilahabi mwaka uliofuata, pakazuka mabishano yaliyodumu miaka mingi. Upande mmoja ulisema tungo zisizo na vina si mashairi. Upande wa pili ukaona vina ni minyororo. Kwa maoni yangu pande zote mbili ziligombea kitabu. Wahafidhina walikilinda kana kwamba kiliteremka, na baadhi ya wanamapinduzi walikishambulia kana kwamba kabla yake hapakuwa na chochote. Kezilahabi, mtu wa Ukerewe aliyekulia katika lugha nyengine kabla ya Kiswahili, ana haki ya kuulizwa alisikia nini, kabla ya kuulizwa amevunja kanuni ipi.

Na wahafidhina nao wana la kujibu. Mwanafunzi akiambiwa kuwa utenzi ni mizani 8 kwa mstari, kisha akafunguliwa Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, atakuta mistari ya mizani 10, imekatwa baada ya mizani ya 6. Wapo wanaoitoa katika orodha ya tenzi kwa sababu hiyo, na wapo wanaoibakisha na kuiita ya pekee. Sayyid Abdallah hakutuandikia sababu ya kukata pale alipokata. Sababu hiyo, ikiwa ingaliko, imo katika namna beti zake zinavyosomwa kwa sauti Lamu na Pate, na huko ndiko kwa kwenda kuisikiliza.