Nani Amkague Mkaguzi?

Mwaka 1912 Serikali ya Kiingereza ilimweka Arthur Champion kuwa ofisa wa Wagiriama, watu wakaao bara ya Malindi na Kilifi. Kazi yake ilikuwa kuhesabu vibanda, kukusanya kodi, na kutafuta vijana wa kwenda kufanya kazi mashambani na serikalini. Mgiriama alikaguliwa nyumba yake na nguvu za wanawe. Lakini, ewe msomaji, yeye alipokuwa na lalamiko juu ya Serikali, nani alimkagua mkaguzi?

Mekatilili wa Menza na Wanje wa Mwadorikola waliwahimiza watu wakatae. Mambo yao yalihesabiwa kuwa ni fitina. Mwaka 1913 wakakamatwa, wakapelekwa mbali Kisii. Mwezi wa Agosti 1914 Kaya Fungo, mahali patakatifu pa Wagiriama, ilivunjwa kwa baruti. Mapigano yakazuka, nyumba nyingi zikachomwa. Wagiriama wakatozwa faini ya rupia 100,000, na waliokaa kaskazini mwa mto Sabaki wakaamriwa kuhama. Tume ya uchunguzi iliketi Malindi mwaka 1916, nyumba zikiwa zimekwisha kuwa majivu. Baadaye waliruhusiwa kurudi ng'ambo ya mto, lakini waliokufa hawakurudi.

Tazama jinsi mambo yalivyopangwa: adhabu ilitangulia, uchunguzi ukafuata. Ukaguzi wa haki hauendi hivyo. Kwanza husikiliza pande zote mbili, kisha huamua, na uamuzi wake hutangazwa pamoja na sababu zake.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yafuata njia hiyo. Kifungu cha 35 humpa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Kifungu cha 229 humtaka Mkaguzi Mkuu kuchunguza hesabu za Serikali na za kaunti, Kilifi ikiwamo, na kutoa taarifa katika miezi 6 baada ya mwaka wa fedha kwisha. Bunge, au bunge la kaunti, hupewa miezi 3 kuijadili.

Hata hivyo, taarifa isiyosomwa ni sawa na tume iliyochelewa. Zahanati ya kijijini kwako ikikosa dawa, uliza fedha zilikwenda wapi. Nawe usimhukumu mwuguzi kabla hujamsikiliza, kwani kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Haki uidaiyo kwa wakubwa, hapana budi uitende kwa wadogo.