Habari za Ulezi wa Wazee Waliopotewa na Kumbukumbu

Mwaka 1906 daktari Alois Alzheimer wa Ujerumani alieleza ugonjwa ufutao kumbukumbu. Kwetu uliitwa uzee tu, na wengine walidhani ni uchawi. Hospitali ya Mathari, iliyofunguliwa Nairobi mwaka 1910, ilikuwa ya wenye wazimu, wala si makao ya wazee. Katiba ya 2010, kifungu cha 57, yawapa wazee haki ya kutunzwa na jamaa zao na Serikali. Tena mwaka 2018 waliotimiza miaka 70 walianza kupewa shilingi 2,000 kwa mwezi. Fedha hizo hazimtoshi mlezi akeshaye ili mzee asipotee njia. Mzigo humwangukia binti au mkaza mwana, naye huacha kazi yake. Basi twawasihi, wanachama, kila ukoo umchangie mlezi huyo mshahara. Ni deni letu.