Kimo cha Gari katika Nchi ya Chai: Saspensheni za Kericho na Bomet

Historia ya magari katika nyanda za chai za Kericho na Bomet ni, kwa sehemu kubwa, historia ya kimo, yaani nafasi iliyopo kati ya tumbo la gari na ardhi, na kwa muda mrefu kila mwenye gari alitafuta namna ya kuiongeza nafasi hiyo. Kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilipoanza kupanda chai kwa wingi huko Kericho katikati ya miaka ya 1920, ziliikuta nchi ya miteremko mikali, yenye mvua za alasiri kwa miezi mingi ya mwaka, na udongo mwekundu wa volkeno ambao ukikauka huwa imara lakini ukilowa huteleza kama sabuni. Jani la chai nalo halisubiri, kwa sababu likishachumwa hupata moto ndani ya mzigo na kuharibika lisipofikishwa kiwandani mapema. Wakulima wadogo walipoingia katika kilimo hicho, na hasa baada ya Mamlaka ya Ustawishaji Chai ya Kenya, KTDA, kuundwa mwaka 1964, haraka hiyo ilihamia pia kwenye barabara za vijijini, ambako lori la majani, lenye magurudumu pacha nyuma, lilichimba mitaro miwili na kuacha tuta katikati. Gari dogo lililofuata ama lilivuka tuta hilo ama lililala juu yake kwa tumbo.

Ndiyo maana Peugeot 404, na baadaye 504, zilipendwa mno katika sehemu hizo. Saspensheni, yaani mfumo wote wa springi, shoki, mikono na bushi unaoyaunganisha magurudumu na bodi, ilikuwa katika magari hayo laini lakini yenye mwendo mrefu: gurudumu liliweza kushuka shimoni na kupanda tena bila bodi kurushwa. Peugeot 404 ya stesheni wagoni iliwekewa springi mbili za koili kila upande wa nyuma, mpango uliowafaa sana wenye matatu, ambao mzigo wao haukuwa na kawaida ya kupimwa.

Mtu aliyeielewa hesabu hiyo ya kimo kuliko wengi alizaliwa papo hapo Kericho, mwaka 1932. Joginder Singh, fundi wa magari kabla ya kuwa dereva mashuhuri, alishinda mbio za magari za Safari mara tatu: mwaka 1965 akiwa na ndugu yake Jaswant katika Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya, kisha mwaka 1974 na 1976 katika Mitsubishi Colt Lancer. Mbio hizo, zilizoanza mwaka 1953, zilikuwa mtihani wa saspensheni kabla ya kuwa mtihani wa injini. Mwaka 1963 magari 84 yalianza na 7 tu yakamaliza. Hata magari ya michezo, ambayo kwingineko duniani husifiwa kwa kulala chini, hapa yalilazimika kuinuka. Datsun 240Z, iliyoshinda mwaka 1971 na 1973, ilikuja na saspensheni iliyoimarishwa kwa ajili ya njia za Afrika Mashariki, na Porsche iliziinua 911 zake za mwaka 1978 hadi sentimita 28 kutoka ardhini. Wahandisi wa Ulaya walijifunza hapa jambo ambalo wenyeji walilijua tangu zamani, kwamba gari lisilo na nafasi ya kufanyia kazi springi zake halina mwendo wowote wa maana.

Mtindo wa kushusha gari ulichelewa kufika, na uliletwa na mambo mawili: barabara za lami zilizoziunganisha Kericho, Litein, Sotik na Bomet, na magari yaliyotumika kutoka Japani, yaliyoanza kuingia nchini kwa wingi katika miaka ya 1990. Miongoni mwake zilikuwamo Subaru Impreza na gari nyingine za michezo, na vijana waliozinunua walitaka zikae chini kama walivyoziona pichani. Njia ya haraka ilikuwa kukata springi kwa msumeno au, vibaya zaidi, kuichoma kwa moto wa gesi mpaka ilegee, jambo linaloondoa ugumu uliotiwa katika chuma hicho kiwandani na kuiacha springi ikiendelea kuzama mwaka hadi mwaka.

Kukata nako kuna hesabu yake, ambayo aghalabu haifanywi. Springi ya koili huwa ngumu zaidi kadiri pete zake zinavyopungua. Yenye pete sita zinazofanya kazi, ikiondolewa moja, ugumu wake huongezeka kwa asilimia 20. Shoki, yaani bomba lenye mafuta na pistoni linalotuliza mrukoruko wa springi, ilipimwa kwa springi ya zamani, kwa hiyo sasa hushindwa kuidhibiti hii mpya, na gari huendelea kudunda baada ya kila shimo. Pia mwendo wa shoki uliobaki ni mfupi, kiasi kwamba abiria watatu wakikaa nyuma pistoni hugonga raba ya kikomo, na kutoka hapo mshtuko wote huingia moja kwa moja katika bodi.

Lililo gumu zaidi kuaminika ni kwamba gari lililoshushwa kupita kiasi laweza kulala zaidi kwenye kona. Mkono wa chini wa saspensheni ya mbele huinama kidogo kutoka bodini kuelekea gurudumu. Bodi ikishuka, mkono hunyooka au kuelekea juu, na kitovu cha mlalo, yaani nukta ya kubuniwa ambayo bodi huiegemea inapolala, hushuka haraka kuliko kitovu cha uzito. Umbali kati ya vitovu hivyo viwili ukiongezeka, uzito hupata nguvu zaidi ya kuilaza bodi. Magurudumu nayo huegemea ndani na kuila mipira upande mmoja, hali ambayo mara nyingi huonekana kwenye mipira kabla dereva hajaihisi kwenye usukani.

Kwa hiyo kazi inayofanywa kwa uangalifu huanzia kwenye mzigo. Fundi hupima kimo cha gari likiwa limejaa watu, huchagua springi fupi zilizotengenezwa kwa kusudi hilo badala ya kuzikata za zamani, huziwekea shoki zinazolingana nazo, hufupisha raba za kikomo, hubadilisha bushi zilizochoka, na mwishowe huyapeleka magurudumu kwenye alaimenti, yaani upimaji wa pembe zake. Milimita 20 hadi 30 hutosha kwa gari la lami. Zaidi ya hapo mikono na boljointi, yaani viungo vya tufe na kikombe vinavyoshikilia gurudumu, huhitaji kusahihishwa pembe, na gharama hupanda kuliko faida.

Hata hivyo lami ya nchi ya chai haiendi mbali kutoka barabara kuu. Nyumba nyingi, viwanda na vituo vya kununulia majani bado vipo kwenye barabara za murramu, na Toyota Probox, gari lililobuniwa kubeba mizigo na linaloonekana kila pembe ya Bomet, mara nyingi huwekewa spesa, yaani vipande vya kuinulia springi, ili likae juu zaidi ya lilivyotoka kiwandani. Gari linalopaswa kukifikia kituo cha majani msimu wa mvua halifai kushushwa hata kidogo, na anayetamani gari la kulala chini na awe nalo la pili, la kuishia mjini.