Akili Inapimwa kwa Pishi Gani?



Mwezi wa saumu ukielekea ukingoni kila nyumba hupima fitri. Pishi ni vibaba vinne, uwe Kibarani, uwe Mambrui, uwe Lamu. Tajiri na maskini wapima kwa pishi hiyo hiyo na hakuna ugomvi. Lakini hebu nikuulize: akili ya mwanao waipima kwa pishi gani? Manake kila siku twasikia, "huyu ana akili, yule hana", na ukiuliza umejuaje, waambiwa tu: si waona alivyoshika mkia darasani!

Neno lenyewe, akili, tumelipata kwa Kiarabu, na katika dini yetu lina uzito wake. Asiye na akili timamu hafaridhiwi saumu wala swala. Lakini wanazuoni hawakuuliza nani ana akili zaidi ya nani. Waliuliza kama ipo au haipo. Kuipanga kwa namba, huyu 80 na yule 120, ni jambo la juzi juzi tu.

Lilianzia Paris mwaka 1905. Serikali ya Ufaransa ilikuwa imelazimisha watoto wote waende shule, na walimu wakajikuta na watoto wasioweza kufuata masomo. Bwana Alfred Binet na mwenzake Théodore Simon wakatunga maswali mepesi kwa magumu: taja vitu vilivyo kwenye picha, rudia tarakimu hizi, eleza maana ya neno hili. Shabaha yao ilikuwa kumjua mtoto anayehitaji msaada ili asaidiwe. Binet hakusema kwamba akili ya mtu ni kitu kisichobadilika, na wenye kusema hivyo aliwapinga.

Binet akafariki mwaka 1911. Mwaka uliofuata Mjerumani William Stern akaleta hesabu ya kugawanya: mtoto wa miaka 10 akijibu kama wa miaka 8, gawanya 8 kwa 10. Huko Marekani wakazidisha kwa 100, ikawa 80, na ndiyo hiyo namba iitwayo IQ. Tazama ilivyogeuka: kitu kilichotungwa kumsaidia mtoto kikawa muhuri wa kumpiga usoni.

Sasa njoo kwetu Kenya, manake hapa ndipo mambo yalipoharibika hasa. Miaka ya 1930, Daktari H. L. Gordon wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, alipima vichwa vya Waafrika kwa maelfu, akadai ubongo wa Mwafrika ni mdogo na akili yake ni pungufu kwa maumbile. Mwenzake F. W. Vint, wa maabara ya serikali, akachukua bongo za maiti, akazipima uzito, akazilinganisha na takwimu za Wazungu. Mwaka 1934 akaandika kwamba ubongo wa Mkenya mtu mzima umefika pale ulipofika ubongo wa mtoto wa Kizungu wa miaka saba au minane. Ati baba yako mwenye ndevu, aliyejenga jahazi na kulipeleka kwa nyota, ana ubongo wa kitoto!

Usidhani hayo yalikuwa mazungumzo ya kahawani. Mwaka 1933 walowezi na madaktari walianzisha chama Nairobi cha kuchunguza uboreshaji wa kizazi cha binadamu, na wakaomba Uingereza itoe fedha ili uchunguzi uendelee. Kama Mwafrika amezaliwa hivyo, basi kwa nini serikali impotezee pesa za shule? Gordon alikuwa akisema kwamba elimu ya Kizungu yaweza kuwa mzigo wa hatari kwa bongo zetu. Fedha hazikutolewa, na wataalamu wa huko huko Uingereza waliwapinga. Na uzito wa ubongo haukuambii mtu ana akili kiasi gani, sembuse ubongo wa mtu aliyeugua na kufa akiwa fukara.

Alikuwepo pia R. A. C. Oliver, mtaalamu wa elimu, ambaye mwaka 1932 alichapisha Nairobi mtihani wa akili uliotungwa kwa ajili ya Waafrika. Huyu tumtendee haki. Alikuwa mwangalifu kuliko madaktari wale, na alijua kwamba malezi, afya na shule zinaingia ndani ya alama za mtu. Lakini hata yeye, pishi yake ilikuwa imechongwa Ulaya.

Basi ikiwa pishi imechongwa Ulaya, wetu wana kipimo gani? Watafiti walikuja kuwauliza Waluo ni nani mwenye akili, wakapewa maneno manne badala ya moja: rieko, ambayo ni ujuzi, luoro, ambayo ni heshima, winjo, kuelewa mambo, na paro, kuwaza na kuanzisha jambo. Si waona? Hata sisi mtoto hodari wa hesabu asiyewaamkia wakubwa twasema hana akili. Na huko Usenge, karibu na Kisumu, waliwapima watoto 85 ujuzi wa dawa za miti shamba zinazotumika kijijini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001. Waliozijua dawa vizuri ndio waliopata alama za chini katika mtihani wa msamiati wa shule! Si kwamba shule ni mbaya. Saa za mtoto ni zile zile, na kila nyumba huzitumia kwa lile inaloliona la maana. Nami hapa nawakumbuka watoto wetu wa chuoni, waliohifadhi juzuu kadhaa na skuli wanaitwa wazito.

Kisa cha Embu nacho chafaa kutajwa. Watoto wa miaka saba walipimwa mwaka 1984, na wengine wa umri huo huo wakapimwa mwaka 1998 kwa mtihani ule ule wa maumbo, usiohitaji kusoma. Wa 1998 waliwapita wenzao kwa mbali. Miaka 14 tu! Damu haibadiliki kwa miaka 14. Kilichobadilika ni chakula, afya, na wazazi kujua kusoma. Laiti Gordon angeyaona haya.

Na hapa kwetu Kilifi? Kituo cha utafiti cha KEMRI kilianza hapa mwaka 1989, na madaktari wakawa na swali zito. Mtoto aliyepata malaria kali akapoteza fahamu, akapona, akarudi nyumbani mzima, je, ubongo wake umepona pia? Haiwezekani kujua bila kupima, na mitihani ya Ulaya haikufaa. Mtoto ambaye hajawahi kushika penseli, akiketishwa mbele ya mgeni na picha za vitu asivyovijua, atanyamaza, na kunyamaza kutaandikwa kuwa ujinga. Mtafiti Penny Holding na wenzake, wakiwemo watu wa hapa hapa, wakakaa chini kutengeneza upya: maswali kwa lugha ya nyumbani, mtoto apewe mazoezi kwanza, kila kipimo kijaribiwe kijijini kabla ya kuaminiwa. Kazi hiyo waliichapisha mwaka 2004. Mwaka 2008, Amina Abubakar na wenzake wakatoa kipimo chenye jina la Kilifi, cha kutazama ukuaji wa watoto wadogo, jinsi mtoto anavyotembea na anavyotumia mikono na macho yake.

Majibu yalitisha. Utafiti uliotolewa mwaka 2005, wa watoto 487 wa Kilifi, ulionyesha kwamba katika waliougua malaria kali karibu robo walibaki na upungufu fulani, katika lugha, kumbukumbu au mambo mengine. Kwa wasiougua hivyo ilikuwa kama mmoja kati ya kumi. Hesabu mwenyewe, ndugu yangu: ni wangapi hapa pwani waliochapwa kwa uvivu na kuambiwa hawana akili, kumbe ni homa ya utotoni ambayo hata mama ameshaisahau?

Hapa Kibarani tuna shule ya watoto viziwi, nayo yafaa itukumbushe jambo jingine. Mpe mtoto asiyesikia mtihani wa kuulizwa kwa mdomo, atapata sufuri. Hapo umepima sikio, akili hujaigusa.

Kwa hivyo mzazi, mwanao akishika mkia mwaka baada ya mwaka, usianze na fimbo wala usimalize na "ameumbwa hivyo". Anza kwa kukumbuka: aliwahi kulazwa? Alipata degedege? Akiitwa kwa nyuma hugeuka? Tangu mwaka 1984 Wizara ya Elimu ina vituo vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalum, navyo viko sehemu nyingi nchini. Mwulize mwalimu mkuu kilicho karibu nawe. Huko hutazamwa masikio na macho pia, na mengi huwa yanajulikana hapo hapo kabla hata neno akili halijatajwa.