Reli Moja Tangu 1966

Filimbi moja, treni inaondoka. Filimbi nyingine, inasimama. Hivyo ndivyo ilivyofanya kazi seti ya treni iliyotolewa na kampuni ya LEGO ya Denmark mwaka 1968. Kifaa cha kunasa sauti kilifichwa ndani ya treni, na mtoto aliyepuliza filimbi aliiamuru bila kuigusa. Kama wazazi waliokaa chumba hicho hicho waliufurahia uvumbuzi huo, hilo ni jambo jingine.

Miaka iliyofuata ilileta umeme wa kila namna: betri, transfoma, reli zilizovikwa chuma, rimoti, na hatimaye bluetooth. Kila mfumo mpya ulipoingia, ule wa zamani ulitupwa kando na wanunuzi wakanung'unika. Kitu kimoja tu hakikuguswa, nacho ni upana wa njia. Nafasi ya milimita 37.5 kati ya reli mbili iliyowekwa mwaka 1966 ndiyo ile ile inayotumika leo. Juu ya kipimo hicho ulijengeka uraibu wa watu wazima wanaobuni na kuunda treni zao wenyewe kwa matofali ya plastiki, hata pale kampuni yenyewe ilipoonekana kuchoka nazo.

Mwanzo wa yote ni karakana ya seremala. Ole Kirk Kristiansen alianza kutengeneza vitu vya kuchezea vya mbao katika mji mdogo wa Billund mwaka 1932, wakati mdororo wa uchumi ulipokausha kazi za ujenzi. Plastiki iliingia baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Tarehe 28 Januari 1958 mwanawe, Godtfred, aliomba hataza ya tofali lenye vinundu juu na vineli upande wa chini. Vineli hivyo ndivyo vinavyobana vinundu vya tofali jingine, kazi ya mtoto isibomoke inapoguswa. Mwaka 1960 moto uliunguza sehemu ya vitu vya mbao, na kampuni ikaamua kuachana na mbao moja kwa moja. Miaka miwili baadaye lilikuja gurudumu. Kutoka gurudumu hadi treni haikuwa safari ndefu.

Treni za 1966 zilipita juu ya reli za buluu zilizopachikwa kwenye mataruma meupe. Kila taruma lilikuwa tofali bapa la vinundu 2 kwa 8, kwa hiyo reli zilikaa pale vinundu vilipoziruhusu kukaa. Umeme ulitoka kwenye betri za jumla ya volti 4.5, zilizobebwa na treni yenyewe. Betri zilikwisha upesi, na mwaka 1969 ukaja mfumo wa volti 12 uliotumia umeme wa nyumbani kupitia transfoma. Reli za ziada za kupitisha umeme ziliwekwa katikati ya njia, na mota ikawa inazigusa kwa chini.

Mwaka 1980 mfumo huo wa volti 12 ulifikia kilele. Reli zilibadilishwa rangi kuwa kijivu, na kando ya transfoma vikapangwa vibao vya swichi: hiki cha kuhamisha treni njia, hiki cha taa za ishara, hiki cha kushusha vizuizi kwenye kivuko cha barabara, hiki cha kuachanisha mabehewa. Mtoto aliyeketi sakafuni aliweza kuendesha stesheni nzima kama mkuu wa kituo. Mpaka leo wapo wakusanyaji wa Ulaya wasiotaka kusikia habari za mfumo mwingine.

Mfumo wa volti 9 ulizinduliwa mwaka 1991. Safari hii umeme ulipita kwenye reli zenyewe, zilizovikwa utando wa chuma, na mota ikauchukua kupitia magurudumu yake. Njia ilionekana safi, bila reli za katikati. Tatizo lilijitokeza kwa aliyejaribu kuizungusha njia iingie tena ndani yake yenyewe: reli ya kushoto ilikutana na ya kulia, shoti ikapigwa, treni ikasimama. Hata hivyo, seti ya Metroliner iliyotoka mwaka huo, ikiiga treni za abiria za Marekani, ilipendwa sana, na baada ya miaka 10 kampuni ililazimika kuitoa upya kwa sababu waliokuwa wakiiulizia hawakukoma.

Waliokuwa wakiiulizia hawakuwa watoto. Katikati ya miaka ya 1990, watu wazima walioyarudia matofali ya utotoni walianza kukutana kwenye intaneti, na mwishoni mwa muongo huo klabu za treni zikaanzishwa Minnesota na katika majimbo ya Marekani yanayopakana na Bahari ya Pasifiki. Kila mwanachama alijenga meza yake nyumbani: huyu kiwanda, yule daraja, mwingine mtaa mzima wenye taa. Walikubaliana mapema kimo cha meza na mahali reli inapokatia ukingo wake, ili siku ya maonyesho meza zote zisogezwe pamoja na treni ipite kutoka mtaa wa huyu hadi daraja la yule.

Kompyuta nayo ikaingia kazini. Mwaka 1995 James Jessiman wa Australia alitoa LDraw, programu ya bure ya kuchora miundo ya matofali. Ndani yake kila tofali ni mstari mmoja wa maandishi: rangi yake, mahali lilipo, upande lilikogeukia, na jina la faili la kipande. Faili la tofali la kawaida la vinundu 2 kwa 4 linaitwa 3001.dat. Jessiman alifariki mwaka 1997 angali kijana, lakini watumiaji wa programu hiyo waliichukua maktaba yake ya vipande na kuiendeleza, kipande kwa kipande, hadi ikafikia maelfu. Shukrani kwa kazi hiyo, mtu aliweza kuunda kichwa cha treni kizima kwenye skrini, akahesabu vipande vinavyohitajika, ndipo akatoa fedha mfukoni. Kuanzia mwaka 2000 vipande vyenyewe vilipatikana kimoja kimoja katika soko la mtandaoni lililokuja kuitwa BrickLink, ambako muuzaji wa Ujerumani angeweza kumtumia mteja wa Kanada magurudumu manane tu na si zaidi.

Kubuni treni ya matofali huanza na hesabu. Njia ya kiwango cha kimataifa, ile inayotumiwa na reli ya SGR kutoka Mombasa hadi Nairobi na kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, ina upana wa milimita 1,435. Ukiilinganisha na milimita 37.5 za LEGO unapata kipimo cha moja kwa 38. Kwa kipimo hicho, behewa lenye upana wa mita 3 linapaswa kuwa na upana wa karibu milimita 79, sawa na vinundu 10. Treni za dukani kwa muda mrefu zilikuwa na vinundu 6 tu, kwa kuwa zilikusudiwa kupendeza karibu na vikaragosi vya LEGO, vyenye kimo cha sentimita 4. Wabunifu wakagawanyika. Wapo wa vinundu 6 wanaotaka treni zao zilingane na nyumba za mji wa dukani. Wapo wa 8 wanaotaka nafasi ya kuonyesha milango, ngazi na mabomba. Wachache huchagua 7, namba witiri inayowapa kinundu cha katikati na maumivu ya kichwa kila mahali pengine.

Siri nyingine imo katika unene. Kinundu na kinundu vimeachana milimita 8. Tofali bapa lina unene wa milimita 3.2, kwa hiyo matano yakipangwa juu kwa juu hufikia milimita 16, sawasawa na upana wa vinundu 2. Mbunifu aliyelielewa hilo huacha kujenga kwenda juu tu. Huyalaza matofali ubavu, vinundu vikielekea kando, na bado kila kitu kinakaa sawa na sehemu nyingine za treni. Mstari mwembamba wa rangi unaopita ubavuni mwa behewa, au mshazari wa pua ya treni ya mwendo kasi, mara nyingi hutokana na matofali yaliyolazwa hivyo.

Kinachowasumbua wote ni kona. Kona ya LEGO ina nusukipenyo cha vinundu 40, yaani sentimita 32, na vipande 16 hukamilisha duara. Kwa kipimo cha moja kwa 48, ambacho wajenzi wa vinundu 8 hukikaribia, kona hiyo ni sawa na nusukipenyo cha mita 15, jambo ambalo hakuna mhandisi wa reli kuu angelikubali. Behewa refu likiingia hapo, tumbo lake hutokeza upande wa ndani na ncha zake upande wa nje. Stesheni iliyojengwa karibu mno na njia inagongwa. Injini za mvuke hupata shida zaidi, kwa kuwa magurudumu yake makubwa yamepangwa kwenye fremu moja isiyopinda. Dawa yake ni kuyanyima magurudumu ya katikati ule ukingo unaoshika reli, ili yateleze kando injini inapokata kona.

Ndiyo maana wajenzi wengi wanavipenda vichwa vya treni vilivyozaliwa vikiwa na viungo. Waswisi wana "Krokodil", kichwa cha umeme kilichoundwa kwa ajili ya milima ya Gotthard, chenye pua mbili ndefu zinazogeuka kila moja upande wake. Upande wa Afrika Mashariki kuna Garratt, iliyopewa jina la mvumbuzi wake Mwingereza Herbert William Garratt, ambamo bwela linaning'inia katikati ya injini mbili na kila injini inapinda peke yake. Moja imesimama katika Makumbusho ya Reli jijini Nairobi: Mount Gelai, namba 5918, kati ya 34 za daraja la 59 zilizojengwa na Beyer, Peacock wa Manchester mwaka 1955 na 1956 kwa ajili ya reli za Afrika Mashariki, kila moja ikibeba jina la mlima. Urefu wake unakaribia mita 32. Kwa kipimo cha moja kwa 48 hiyo ni sentimita 66, mara mbili ya nusukipenyo cha kona, lakini kwa kuwa imegawanyika mara tatu muundo wake unaweza kupita. Kinachobaki kumkera mbunifu ni njia: Mount Gelai ilitembea juu ya reli ya mita moja, ambayo kwa kipimo hicho ingekuwa na upana wa milimita 21, huku LEGO ikimpa 37.5 na si pungufu.

Huko Billund, mwanzoni mwa miaka ya 2000, mambo yalikuwa yameharibika. Mwaka 2003 na 2004 kampuni ilipata hasara kubwa, na Jørgen Vig Knudstorp, aliyeshika uongozi Oktoba 2004, alianza kukata kila kilichokula fedha bila kuzirudisha. Reli za chuma zilikuwa ghali kutengeneza. Mwaka 2006 zilitoka treni za betri na rimoti juu ya reli za plastiki tupu, na Oktoba 2007 ikatangazwa kwamba mfumo wa volti 9 umefikia mwisho. Klabu zilizokuwa zimewekeza kwenye mamia ya mita za reli za chuma zilikasirika, kisha zikaanza kununua akiba yote iliyobaki. Bei ya mota za volti 9 ilipanda, na hadi sasa maonyesho mengi huendeshwa kwa transfoma za miaka ya 1990, kwa kuwa treni ya betri haiwezi kuzunguka ukumbini siku nzima bila kusimama.

Lakini kampuni ilikuwa imeanza pia kuwasikiliza wajenzi hao. Seti iliyoitwa Hobby Train, ya mwaka 2007, ilitayarishwa na wapenzi wa treni 10, na vipande vyake viliweza kuunda treni 30 tofauti. Mwaka 2009 ikaja Emerald Night, injini ya mvuke ya kijani yenye magurudumu makubwa ambayo wajenzi walikuwa wameyaomba kwa miaka. Kabla ya hapo waliyanunua kwa Big Ben Bricks, kampuni ndogo ya Marekani iliyoona pengo hilo mapema. Mwaka 2020 Krokodil wa Uswisi akaingia madukani akiwa na vipande 1,271, na kwenye boksi lake iliandikwa umri wa miaka 18 na kuendelea. Mwaka mmoja kabla yake, LEGO ilikuwa imeinunua BrickLink yenyewe.

Kilichoachwa na kampuni huchukuliwa na wengine. Kona pana zinazopunguza aibu ya mabehewa marefu hutengenezwa na wafanyabiashara wadogo, baadhi wakitumia printa za 3D, na reli za chuma zimerudi kwa njia hiyo hiyo. Mfumo wa bluetooth ulioletwa mwaka 2018 ulikusudiwa kuongozwa kwa simu au rimoti, ila wapenzi wa programu wameandika Pybricks, inayomwezesha mtu kuiamuru mota kwa lugha ya Python: ianze polepole, isimame stesheni kwa sekunde kadhaa, irudi nyuma ikiona kipande cha rangi fulani kati ya reli. Kwenye meza za maonyesho treni ya namna hiyo hupita kando ya nyingine ya 1991 inayonguruma kwa volti 9, na fundi anayezihudumia huwa na bisibisi mfuko mmoja na waya wa kuchajia simu mfuko wa pili.