Nthoni ya Wakamba si aibu tu

Juzi nilihudhuria sherehe ya ntheo karibu na mji wa Wote, Makueni, na nusura neno moja lituvunjie uchumba. Ntheo, kwa asiyejua, ni ile hatua ya ndoa ya Kikamba ambapo upande wa mvulana hupeleka mbuzi kwa wazazi wa msichana. Wageni walikuwa wametoka Pwani. Mama wa msichana hakutokea kumsalimia kijana, nao wakauliza kulikoni. Mzee mmoja akawajibu kwa Kikamba kwamba mama ana nthoni. Mkalimani, kijana wa chuo kikuu, akatafsiri chapuchapu: "Mama anamwonea aibu mkwewe."

Basi pakachafuka! Shangazi wa kijana alisimama, akataka kuelezwa mtoto wao ana dosari gani hata aonewe aibu.

Mkalimani hakubuni kitu. Nthoni ni aibu, ni haya. Lakini kote Kitui na Makueni neno hili lina maana ya pili iliyo nzito zaidi, yaani ule umbali wa heshima ambao mtu huuweka baina yake na wakwe. Gerhard Lindblom, msomi wa Uswidi aliyeishi na Wakamba kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, aliueleza kwa kirefu katika kitabu chake juu ya Akamba kilichochapishwa Uppsala mwaka wa 1920. Mtu akikutana njiani na mama mkwe, kila mmoja huacha njia na kupita pembeni bila kutazamana. Hawajakosana. Kila mmoja anamwambia mwenzake kwa mwili kwamba wewe ni mkubwa kwangu. Wakwe wenyewe huitwa athoni, jina linalotoka katika neno hilo hilo. Jirani zao Wakikuyu wana thoni, na Muthoni, jina la wasichana tunaowajua sote, maana yake ni mkwe.

Neno hili ni la kale, na limetapakaa. Waganda husema ensonyi. (Msomaji asishangazwe na s hiyo: nchi kwa Kiganda ni ensi, kwa Kikamba ni nthĩ.) Wanyarwanda wana isoni, Wabemba insoni. Huko kusini Wazulu wana inhloni, aibu, na kutokana nalo kitenzi hlonipha, kuheshimu. Kwa desturi ya hlonipha, mwanamke aliyeolewa huepuka kutamka jina la baba mkwe, hata silabi zinazofanana na za jina hilo.

Na Kiswahili je? Kumbe tunalo: soni. Shida ni kwamba soni yetu imebaki na nusu ya mzigo. Ukisema fulani hana soni, umemtukana. Lakini hakuna anayempa mzee wake soni. Nusu ile nyingine tumeikabidhi kwa maneno ya Kiarabu: heshima, taadhima, adabu, staha. Sidhani Wakamba walikosa nafasi ya kuyaazima. Misafara yao ya pembe za ndovu ilikuwa ikishuka Mombasa zamani, na Krapf alipofika Kitui mwaka wa 1849 mwenyeji wake alikuwa Kivoi, mfanyabiashara aliyeijua njia hiyo vizuri. Ninavyoona mimi, maneno ya soko yalisafiri, ila mambo ya wakwe yalibaki nyumbani na yakabaki na neno lake. Vyeo ndivyo huja na kupita. Enzi za Rais Moi redio ilitujaza masikio kwa "Mtukufu Rais". Leo kila mwenye kiti ni Mheshimiwa.

Lakini tusiharakishe kuyaona maneno hayo ya Kiarabu kuwa mageni kabisa kwa fikra ya nthoni. Heshima yatokana na hishma, ambayo kwa Kiarabu ni haya na unyenyekevu. Staha nayo yatokana na kitenzi kinachomaanisha kuona haya. Kwa hiyo tuliitupa nusu ya soni, kisha tukaenda ng'ambo kuazima neno lenye mzizi wa maana ile ile! Ndiyo maana inaniudhi mtu anapoandika "nthoni: aibu" na kuishia hapo. Mtoto wa Kitui anayesoma hivyo ataamini kwamba nyanya yake alipoacha njia alikuwa akifedheheka.

Turudi Wote. Aliyetuokoa ni mwalimu mstaafu kutoka Mwingi, aliyekuwa ameketi kimya muda wote. Alimgeukia shangazi akasema, "Bibi, mama hamwonei aibu mwanao. Anamstahi."

Shangazi akaketi. Mbuzi wakahesabiwa. Jioni, kijana alipokwisha kutangulia garini, mama alitoka jikoni akawaaga wageni mmoja mmoja, na shangazi akamshika mkono kwa muda mrefu.